Sauti ya Upande wa Pili wa Ukuta

Jumamosi, 5 Machi
Siku ya kwanza kujitolea maktaba. Tunakusanya kumbukumbu za watu za wakati wa korona — barua, picha, barakoa, chochote. Mimi naandika lebo. Safi sana, lebo hazikusemeshi. Baba mmoja kaleta sufuria aliyoiunguza akijifunza kupika, akaomba isisuguliwe. Mkutubi kaipokea kwa mikono miwili kama kichanga!

Jumatatu, 7 Machi
Nimekwisha. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, kaleta rekodi kwenye simu. Anasema miezi ile alikuwa peke yake, na kila alasiri msichana fulani aliimba upande wetu. Alikuwa anasimamisha cherehani ili asikilize. Mkutubi kabonyeza. Ni mimi! Naimba somo la mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwa Kiingereza ili nilikariri, kisha nahamia Kiswahili kulalamika kwamba cherehani ya fundi inakoroma kuliko babu. Walicheka mpaka machozi. Mimi nikaandika: “Mwimbaji hajulikani.” Mwandiko kama wa kuku.

Jumanne, 8 Machi
Mkutubi kasema bila saini ya mwimbaji rekodi haiingii kwenye hifadhi. Mwisho Jumamosi. Fundi ana uhakika ni dada yangu — kwetu anayesikika ni yeye. Mimi kwa fundi ni shikamoo tu, basi.
Naomba isiingie. Naomba iingie.

Alhamisi, 10 Machi
Nimemwambia dada. Kacheka, kisha kasema kama mimi naona haya, atasaini yeye, kwani sauti ina sura? Nikakubali. Sijui kwa nini nimekosa hamu ya kula.

Jumamosi, 12 Machi
Naandikia stoo ya maktaba, juu ya boksi la barakoa.
Dada kaja na kalamu yake kabisa. Fundi kamwomba aimbe kidogo tu, kwa kumbukumbu. Masikini dada! Kaanza kama mlango usiotiwa mafuta, akakwama baada ya tumbo, asifike utumbo mwembamba. Na mimi, huku nakata lebo, nikamalizia ule mstari. Kwa sauti. Mkasi ukanidondoka.
Wote wakanigeukia.
“Kumbe ni huyu mpole,” fundi kasema polepole, “ndiye aliyenitukania cherehani?”
Nikakimbia. Sasa fundi yuko nje ya mlango. Hagongi. Anaimba mwanzo wa wimbo wangu, anakosea kila neno, anafika katikati ya mstari — ananyamaza. Ananisubiri. Anaanza tena. Jamani, utumbo mwembamba kwa Kiingereza hautamkwi hiv—