Mashine Isiyozimwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua, lakini mdomo bado una nguvu zake zote. Baba naye yu salama, ila kila mgeni anayeingia huambiwa kwamba binti yake mdogo anakwenda Chuo Kikuu, utadhani nimeshapokewa.

Uliniagiza nikakitazame hicho chuo kabla sijajaza chaguo langu la kwanza. Nimekitazama. Shule ilitupeleka Ijumaa.

Tulipokewa na ofisa uhusiano ambaye, kabla hatujafika kwenye ngazi, tulikuwa tumeshambatiza Bwana Wa-Kwanza. Maktaba ya kwanza, bweni la kwanza, lifti ya kwanza. Kiranja wetu akamuuliza kwa adabu kama lifti inafanya kazi. Akajibu kwamba ni ya kihistoria. Basi tukapanda kwa miguu, tukipita maabara zilizofungwa kwa kufuli, huku yeye akitueleza, akihema, kwamba katika utafiti chuo kimepanda nafasi tatu. Hakusema kimepanda kutoka wapi.

Juu kabisa kuna ukumbi wa historia, uliofunguliwa majuzi kwa ajili ya jubilei. Wameweka joho la mkuu wa kwanza, koleo lililochimba msingi, na picha za wazee wanaoitazama kamera kana kwamba imewakosea. Katikati, ndani ya sanduku la kioo, ipo mashine ya kupima matetemeko ya ardhi. Kibao cha shaba kinasema imeisikiliza ardhi tangu chuo kianzishwe, na haijawahi kuzimwa hata siku moja.

Dada, waya wake ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa utepe.

Mimi ndiye niliyepangiwa kutoa neno la shukrani mbele ya profesa, mkuu wa idara. Mwalimu alikuwa amenikaririsha maneno ya chemchemi ya maarifa. Nikaishukuru chemchemi kama nilivyofundishwa, kisha nikauliza, ikiwa mashine imo humu, ardhi sasa inasikilizwa na nani. Profesa akacheka, akaniita binti, akasema mashine ile imefanya kazi ya kutosha na sasa inastahili heshima. Nikauliza kama ipo nyingine. Akasema ipo njiani, na wenzake wakapiga makofi! Ndani ya basi mwalimu aliniambia nimeivua shule nguo, na kwamba hataniandikia barua ya kunipendekeza chuoni mpaka nirudi kuomba radhi.

Nilikuwa tayari kwenda, niamini. Lakini Jumanne asubuhi, tukiwa mezani, vikombe vilianza kutembea. Ukuta wa chumba cha wazazi ukapasuka kutoka juu hadi dirishani. Hakuna aliyeumia, usihofu. Mchana redio ikamhoji profesa yuleyule. Kwa sauti tulivu akasema vifaa vya chuo vimepima mtikisiko mdogo, wa kawaida, watu warudi majumbani. Vifaa gani, Dada? Koleo? Nilimwambia Baba nilichokiona kwa macho yangu. Akanijibu nisijifanye mjuaji, Chuo Kikuu kimeshasema, akarudisha kitanda tulichokuwa tumekisogeza palepale chini ya ufa. Mimi na Mama tulikivuta tena alipotoka.

Sasa nikuambie ninalomficha Baba. Sikwenda kuomba radhi, na sitakwenda. Na chaguo la kwanza nimejaza chuo hichohicho, idara hiyohiyo, bila barua ya mwalimu. Nakidharau, sikufichi. Lakini nikienda kwingine, nani atauchomeka ule waya? Wale wataendelea kupiga makofi, na Baba ataendelea kuwaamini. Alama zangu ni nzuri. Huenda zikatosha peke yake. Zisipotosha, Baba atataka kujua kisa, na nyumba itatikisika mara ya pili. Hiyo nayo hawataipima.

Msalimie sana shemeji, na mwanangu mbusu mashavu yote mawili. Mama anasema uvae sweta.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.