Missile ya Karton

Aurélie, chai iko mu termosi. Pelekea koko, mama yangu, lakini piga hodi mbele ya kuingia, asishituke. Ile missile yangu ya karton, ~~uichome~~ hapana, uifiche tu. Asione tena moshi.

Wewe ulitaka tutengeneze Ariane, ile roketi ya kwenda mu anga. Mi nikakatala, eti haina mabawa, itaanguka. Nikachagua missile juu iko na mabawa makubwa. Bon, asubui niliirusha mu parcelle, kando ya nyumba. Iliruka muzuri, ikalia fiii! Koko akavuta mudogo yako Benie chini ya meza, akamulalia.

Nimeenda kazi bila kumuaga. Nasikia haya. Tutatengeneza Ariane yako.

Mu vita ya siku sita ya hapa kwetu, koko alinilalia vile vile. Nilikuwa na miaka yako. Ni mi nilisahau.

Papa