Nailoni ya Godoro la Papa

Jumatatu, 6 Oktoba
Kidonda kimefunguka. Juu ya matako, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Mwezi wa tatu sasa Papa, baba yangu, amelala chali, tangu upande wake wa kushoto ulipopooza. Muuguzi Myriam ametia mkono chini ya godoro letu kuukuu, akausikia mfupa wa Papa kupitia sponji. Hakunikemea. Afadhali angenikemea! Amesema nitafute godoro la kupunguza mgandamizo, upesi, kabla kidonda hakijafika mfupani.

Nimechoka, mwili na roho.

Jumatano, 8 Oktoba
Mjini tangu asubuhi, joto la kuua. Duka la kwanza: godoro la hewa tupu, na mashine yake. Zuri — lakini mashine inataka umeme, na kwetu Kampemba umeme huja ukipenda. Duka la pili: sponji ngumu. Mdogo wangu Clément aling'ang'ania hilo. Yaya, ile ya nguvu njo inakawia, ananiambia mimi dada yake, ati ndiyo inayodumu. Inakawia! Nani anataka kidonda kikawie?

La tatu ndilo. Sponji nzito chini na pembeni, vifuko vya hewa katikati, juu sponji laini yenye jeli. Halitaki mashine. Nilipiga magoti palepale dukani, nikaliegemea kwa kiwiko. Muuzaji alinitazama kama kichaa. Kiwiko hakikufika chini. Nimelichukua.

Alhamisi, 9 Oktoba
Papa amecheka! Upande mmoja wa mdomo, lakini amecheka.

Jumapili, 12 Oktoba
Kidonda kimekua. Siku tatu juu ya godoro jipya, nacho kimekua. Nimelia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Myriam amefunua shuka, akashika kichwa. Nailoni! Ile ya dukani, hatujaitoa. Na nani huitoa? Kwetu kitu kipya hukaa ndani ya nailoni yake, viti vya sebuleni mwaka wa nne huu. Mgongo wa Papa umelowa jasho, ngozi inabanduka. Na ni mimi niliyeibana vizuri kwa skochi, ule utepe wa gundi. Aibu yangu!

Nikachukua mkasi. Papa akanizuia, akiniita mama kama kawaida yake: Hapana, mama, musitoshe nailo. Mi niko naenda. Matela ibakie mupya, Deborah ataingia nayo mu mariage yake.

Deborah, binti yangu, anaolewa Desemba. Kumbe Papa ameshapiga hesabu ya godoro, matela anavyoliita, na yeye mwenyewe hayumo. Nimekasirika.

Jumanne, 14 Oktoba
Deborah mwenyewe amemwambia babu yake: Kambo, mi siitaki, lalia matela yako. Papa amejibu: unasema vile juu ya heshima tu.

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Basi mbona mkasi unanishinda? Nimekata upande mmoja. Upande wa pili ameushika kwa mkono wake mzima. Nimekaa kando ya kitanda, naandika, nangoja asinzie.

Amesinzia. Vidole havijalegea.