Ahadi Aliyoniandikia Mama

Jumatatu, 3 Februari
Zamu tena baada ya shule, jikoni kwenye kituo cha wazee Vårby gård. Uji uliungua. Nimekwangua sufuria mpaka kucha zimeisha. Nyumbani Hallunda saa moja jioni. Barua ya benki mezani, Mama ameshaifungua. Kadi yangu ya mkopo. Jina langu kamili juu yake. Kikomo kroni elfu kumi na tano. Nina miaka kumi na nane na wiki tano.

Mpango ni mmoja tu. Agosti nahamia mji wa Umeå, mbali kaskazini, kusomea uuguzi. Nikipata chumba, kodi ya kwanza nalipa kwa kadi hii. Kabla ya hapo siigusi.

Naandika Kiswahili ili mdogo wangu Elia asisome. Yeye hata akiitwa kula hujibu Kiswidi.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya ibada Mama kawatangazia kina mama wote: benki imemkubali binti yangu, imempa elfu kumi na tano. Kwenye treni nikamweleza taratibu. Hawajanipa, Mama. Ni mkopo, na bado sijakopa. Akasema ndiyo, ndiyo. Hakusikia hata neno moja. Yeye alikopeshwa mara moja tu maishani, na mpaka leo anasimulia jinsi walivyomwamini.

Jumatano, 19 Februari
Nimejikuta kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya binamu yangu Baraka, Dodoma. Orodha ya ahadi. Namba 14: Rehema wa Sweden, milioni tatu.

Mimi sikuahidi kitu. Mama kaniandikia. Mjomba Samweli, baba yake Baraka, kajibu kwa makofi saba. Milioni tatu ni kroni elfu kumi na mbili na ushee.

Mama hakuomba hata msamaha. "Sasa nikalifute jina lako, mwanangu? Mbele ya ukoo mzima? Si utakuwa umenivua nguo?"

Ijumaa, 28 Februari
Siku tisa hajala na sisi mezani. Anakula jikoni, amesimama. Jana akafungulia maji bafuni ili tusisikie analia. Tulisikia.

Nimetuma. Kwa kadi. Riba imeanza kuhesabiwa leo hii. Kwenye kundi jina langu limewekewa tiki ya kijani. Najichukia.

Jumanne, 15 Aprili
Jikoni wameajiri mtu wa kudumu. Mimi ni wa kuitwa, na siku hizi siitwi. Bili ya kadi imekuja mara ya pili, na nyongeza ya kuchelewa. Mama kanipa mia tano kutoka mshahara wake wa usafi. Kodi ya nyumba imemeza zingine.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemaliza shule. Kofia nyeupe ya wahitimu, maua shingoni, picha. Barua ya wakusanya madeni nilikuwa nayo mkobani.

Jioni ikaja video ya harusi. MC kanitaja: binti yetu wa Sweden, hajatusahau. Mama karudisha kipande hicho mara nne. Nilimtazama. Sijamwona na furaha hivyo tangu Baba aondoke.

Jumatatu, 28 Julai
Chuo kimenipokea. Chumba pia kilikuwepo, cha mama mmoja karibu na chuo, aliyeniambia kwenye simu kwamba nina sauti nzuri. Leo kaandika. Amelitafuta jina langu kwenye rejista ya wadaiwa, kama wanavyofanya wenye nyumba wote hapa, na amekuta doa la deni. Anasikitika. Nimeuliza sehemu nyingine tatu. Jibu ni hilo hilo. Doa linakaa miaka mitatu. Hata nikimaliza kulipa kesho, linakaa.

Jumanne, 5 Agosti
Leo ilikuwa siku ya mwisho kukijibu chuo. Sikujibu. Nililala mpaka mchana.

Jumapili, 17 Agosti
Nilimwambia Mama siendi Umeå. Sikumwambia kwa nini. Nikimwambia ataumia, halafu itabidi mimi nimbembeleze, na sina nguvu hizo.

Leo kanisani kawaambia kina mama kwamba nimeahirisha chuo kwa sababu siwezi kumwacha peke yake. Mmoja wao akanishika mkono, akasema watoto kama mimi siku hizi hawapo. Nikasema asante.

Tumerudi na treni. Mama alilala begani kwangu mpaka Hallunda.