Walemavu wa Saa za Kazi

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Fundi Saa,
Nyuma ya Posta.
9 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua kila baridi ikiingia. Huku sote tu wazima. Mimi nimepita uzima. Nimeolewa, dada, na bado nikiamka asubuhi namtazama mtu aliyelala pembeni yangu nikidhani nimeingia chumba cha watu. Siku ya harusi pengo lako lilionekana. Kipande chako cha keki nilikula mimi, usimlaumu mtu mwingine.

Uliniuliza huyu shemeji yako mpya ni mtu wa namna gani. Ni fundi seremala, mpole, ana mabega ya kuegemea. Alipokuwa jeshini alikuwa kwenye mizinga, na siku moja kombora lililipuka karibu naye. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto husikia ukimsogelea. Nadhani hapo ndipo aliponiteka. Wanaume wengi ukisema nao wanatazama simu. Huyu anakutazama mdomo, neno kwa neno, kama mtu anayesubiri kuletewa chakula. Nani asingempenda?

Sasa mama ananiambia baba mdogo wa mume wangu alimwomba namba yako, akakupigia kulalamika kwamba mume wangu amewauza wenzake. Nisome kwanza, kisha uamue.

Huyo baba mdogo alikuwa mtunza stoo ya viatu vya jeshi. Vita alivisikia redioni kama wewe na mimi. Harusini alimbeba bwana harusi mabegani, akazunguka naye ukumbi mzima akiimba. Jumatatu yake nilikutana naye njiani amejikunja juu ya fimbo kama ndoano, eti mgongo ulivunjika vitani. Nikamsalimia, akaniitikia kwa kuguna. Nilidhani ni mzaha. Kumbe ndiyo kazi yake.

Wako wengi, dada, nami sina heshima hata ya kijiko kwa mmoja wao. Kila bodi ya madaktari wa jeshi, ile inayopima wanaodai pensheni ya ulemavu, inapokaribia kukutana, wanakusanyika uani kwa kinyozi kufanya mazoezi ya kuugua. Mwalimu ni baba mdogo. Nilipita pale nikamsikia akimfokea mmoja: "Mguu uburute, usiurushe. Unakwenda kwa daktari, huendi kwenye dansi." Mwingine akauliza, "Mwaka jana nilichechemea upi?" Wakabishana, nusu wakasema wa kushoto, nusu wa kulia. Watu wazima, wana wajukuu, wanagombania mguu wa kuugua.

Mume wangu walimcheka. Baba mdogo alimwambia, "Bwana harusi, kiziwi gani anatabasamu hivyo? Vaa huzuni kidogo, nitakufundisha." Mume wangu akamjibu kwamba akianza kuigiza kile alichonacho kweli, atakisahau.

Lakini kicheko kilikuwa chao. Bodi ndiyo inayotoa vifaa vya kusikilizia, na ilikuwa imeshamrudisha mara mbili. Daktari alimwambia siku hizi kila askari ni kiziwi mpaka aitwe kula. Huko karakana ya mbao nako mkuu wake alikuwa amekataa kumkaribisha kwenye msumeno wa mashine mpaka asikie akiitwa. Waongo walikuwa wameichosha bodi kiasi kwamba mkweli alipofika hakubakiwa na wa kumwamini. Hilo ndilo siwezi kuwasamehe.

Safari ya tatu nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mimi kushotoni kwake, na wale mashujaa wa stoo wamejipanga ukuta mzima: fimbo, magongo, mmoja na kola ya hospitali shingoni, mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Ili kumtoa wasiwasi nikawa namwuliza habari za mapazia ya chumba chetu, yawe ya kijani au ya bluu.

Mlinzi wa mlango ni sajini mstaafu. Mwenyekiti wa bodi, kanali, alipotokea upande wa kulia, mazoea yakamshinda mzee wa watu. Akapaza sauti: "Mguu... sawa!"

Dada, walisimama wote. Magongo yalianguka kama kuni. Migongo ilinyooka, vifua mbele, mikono ubavuni, na yule wa kiti cha magurudumu alikisukuma nyuma kwa visigino kikagonga ukuta. Baba mdogo alikuwa wima kuliko nguzo. Ukumbi ukawa kimya kabisa, na katika kimya hicho mume wangu, aliyekuwa bado amekaa akinitazama mdomo, akasema kwa ile sauti yake kubwa asiyoijua ukubwa: "Ya kijani, mke wangu. Ya bluu yataleta giza."

Kanali aliwapitia mmoja mmoja. "Sijagusa mtu," akasema, "na mmepona." Akafika kwetu, akamsemesha mume wangu kutoka kulia, hakujibiwa. Nikamgusa goti. Aliponyanyuka alishika benchi, maana lile sikio lililokufa liliondoka na uwezo wake wa kusimama bila kuyumba, akasema, "Samahani mkuu, sikujua umefika."

Kanali akamwambia daktari, "Anza na huyu."

Basi huko ndiko kuwauza wenzake. Alichofanya ni kuchagua mapazia. Wale wengine wameamriwa wapimwe upya, na kifaa cha mume wangu tumekipata. Siku ya kwanza alikaa kitandani akaniomba niseme chochote. Nikashindwa, nikalia, akasema hata hicho anakisikia vizuri. Karakana imempokea mashineni.

Juzi baba mdogo alikuja na fimbo yake. Alitaka mume wangu aende mbele ya bodi aape kwamba mgongo wake ulivunjika kwenye mlipuko ule ule. "Damu ni damu, mwanangu. Neno lako sasa wanaliamini. Sema mara moja tu." Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akakitoa kifaa sikioni, akakilaza ndani ya kisanduku chake, akafunga kifuniko.

"Sasa sema, baba mdogo," akamwambia.

Baba mdogo akaondoka, akatuachia mlango wazi.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na mama mkwe wako mpe shikamoo yangu. Mama na mdogo wetu wa mwisho wanakukumbuka. Mungu akulinde, akupe usingizi mtamu na watu wakweli karibu yako.

Ni mimi mdogo wako, asiyechoka kukupenda wala kusema,

Chiriku