Ua la Mama, Kosa Likiwemo

Kibirichia,
Meru.
5 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Nkirote,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Huku ukungu haujainuka tangu Ijumaa, na mimi nimevaa sweta tatu kama kitunguu. Joto la huko Dubai linakufanyaje? Na ule mgongo je, umepona, au bado unainama kwenye mashine za kufulia za hoteli kama mtu anayetafuta sindano? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, anaomba vizuri, na kugombana anagombana vizuri zaidi. Ni macho tu yamekwisha. Sasa anaona mwanga na kivuli, basi.

Usishangae kupata barua ya karatasi, tena karatasi kubwa hivi kama ya kufungia nyama. Ina kazi yake, nitakueleza. Usiikunje zaidi ya nilivyoikunja mimi.

Kendi wangu, yule uliyemwacha na sare ya sekondari, anaolewa. Watu wa kwao Munyi, mchumba wake, wanatoka Runyenjes kuleta mahari Jumamosi tarehe 31. Mimi nilidhani kazi kubwa ingekuwa kupika. Mama akasema la: wageni hawataketi kwenye viti vilivyo uchi, wala hawatakalia vitambaa vya dukani. Viti vyote kumi na viwili vivae ua lake.

Unalikumbuka ua la Mama: ua la kiazi, petali tano, kidomo cha njano katikati, na majani mawili yanayotazamana. Katika kikundi chao cha akina mama wa kanisa kila mmoja alikuwa na ua lake alilolichora mwenyewe, na kuiga la mwenzako ilikuwa kama kuvaa viatu vyake bila ruhusa. Vile vitambaa vya zamani vimechakaa mpaka nimevifanya vya kushikia sufuria. Karatasi ya mchoro ilikwenda na panya. Kimebaki kimoja tu, kile cha mfano, na wewe unajua kiko wapi.

Nikajaribu mwenyewe. Nkirote, nimefundisha watoto sanaa miaka ishirini na mbili! Nikachora ua, nikalishona siku nne nzima. Kendi akaliangalia, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Mami, hii ni kabichi?"

Basi nikaona nitumie akili. Nikateremka mjini kwa fundi mmoja karibu na soko la Gakoromone, akanishonea kimoja kwa cherehani, safi kabisa. Nikampa Mama, nikasema ni kazi ya mkono wangu. Akakipapasa mbele, akakigeuza, akapitisha vidole nyuma polepole.

"Huyu aliyeshona hana mafundo," akasema.

"Nilikuwa makini, Mama."

"Wewe? Tangu lini? Wewe hata uji wako una madonge."

Tungecheka yakaisha. Lakini akaongeza: "Kama mke wa Kaimenyi asingeniibia kitambaa changu cha mfano, nisingedanganywa katika nyumba yangu." Na Virginia alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai kutoka kwake, maana hapo ndipo mwisho wa safari yake kila siku. Akaliweka birika chini, akaenda zake shambani.

Miaka tisa, Nkirote. Kaka yetu alimwoa Virginia mwezi uleule uliposafiri, ndiyo maana lawama ilimwangukia yeye. Miaka tisa hajaingia jikoni kwa Mama. Chai anainywea nje, kwenye benchi. Na aliyekitia kitambaa kile ndani ya sanduku lako, chini ya viatu, ni mimi. Ulikuwa unalia kwamba utasahau nyumbani. Nilipanga kumwambia Mama ukishafika. Ukafika, nikasema kesho.

Tangu siku ya cherehani sikai nikatulia. Ninaanza kumenya viazi, ninaviacha. Ninatoka kumwangalia ng'ombe, ninafika kwake nimesahau kilichonitoa ndani, tunabaki tunatazamana. Kabla ya kufunga shule nilisahihisha hesabu za gredi ya nne, nikampa mtoto alama kumi na mbili juu ya kumi.

Juzi nikaungama mbele ya Mama na Virginia. Unajua Mama alifanyaje? Hakuniamini!

"Unamfunika," akasema. "Ndiyo tabia yako. Si wewe uliniletea kitambaa cha cherehani?"

Nikamwambia tukupigie simu. "Nkirote atasema utakachomwambia aseme. Nyinyi ni kikombe na kisahani." Nikasema basi utatuma picha. "Nitaiona na macho ya nani?"

Virginia yeye hakupiga kelele. "Kumbe ulijua, Kananu. Kila asubuhi unanipita kwenye lile benchi, unaniuliza habari ya baridi." Amesema siku ya wageni atakuwa kwao Timau, mpaka jina lake lisafishwe. Na hapa kwetu ndiye peke yake mwenye mkono wa kushona vitambaa vya viti kumi na viwili kwa wiki mbili. Simlaumu. Mimi ningekuwa nimeshafika Timau.

Mwisho Mama akatoa neno. Kwenye kile kitambaa kuna kosa. Alilifanya yeye mwenyewe, hakulifumua, na hajamwambia mtu. Aliye nacho alitafute. "Likinifika vidoleni, nitakwenda mwenyewe kumwita Virginia aingie jikoni, na chai nitampikia mimi."

Kwa hiyo, mdogo wangu, kazi ni yako. Tandaza blanketi mezani, weka karatasi hii juu yake, upande mtupu uangalie juu, kisha kitambaa. Chukua sindano nyembamba ufuate kila mstari wa mshono, ukitoboa mpaka karatasini, kama Mama alivyotoboa zamani kabla ya kupitisha unga wa makaa kwenye matundu ili mchoro uhamie kitambaa kipya. Matundu yatapita katikati ya maneno yangu, hakuna hasara; Mama atayasoma kwa vidole. Ukikuta jani limepinda au petali imezidi, usirekebishe. Najua umezoea kunyoosha mashuka ya watu. Mara hii moja, liache lilivyo.

Kitambaa chenyewe usimpe Mwongera anayekuletea barua hii. Anauza vipuri pale Kinoru, na huko Dubai huenda kama mtu anayekwenda kisimani, lakini safari iliyopita alipoteza sanduku lake mwenyewe. Karatasi ikipotea utatoboa nyingine. Kitambaa ukilete wewe, Disemba, kwa mkono wako. Mwongera anarudi tarehe 15 mwezi huu, na nitamngojea kwake. Mke wake atanichoka.

Kaimenyi anakusalimu, ingawa siku hizi mimi hanisalimu. Kendi anasema umtafutie viatu, namba anaijua Mwongera. Mama anakuombea kila asubuhi, kwa sauti, ili Mungu asikie na majirani pia. Bwana akulindie mgongo, na akulindie mikono, hasa ule wa sindano.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwizi mwenyewe,

Kananu

Virginia amepita dirishani sasa hivi na birika lake. Hakuangalia ndani. Geuza karatasi, Nkirote. Anza leo.