Baba Anaitupa Doli, Asubuhi Iko Mlangoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu hili jambo nikimwambia jirani litafika kanisani kabla yangu. Naishi huku Sotik karibu na mpaka wa Kisii, mimi ni Mkipsigis na mume wangu Omariba ni Mkisii, tunachuma majani yetu ya chai na kuuza maziwa kidogo, na hatukuwa na shida mpaka mtoto wetu Gichana, ambaye bado hajaanza shule, aliponiomba nimtengenezee doli. Nilichukua gunzi la mahindi nikalivisha kipande cha leso, yeye akaifunga mgongoni akazunguka nayo boma lote akiibembeleza, nami sikuona ubaya kwa maana hata mimi nikiwa mdogo nilichunga ng'ombe na kupanda miti na wavulana na hakuna kilichoniharibikia.

Baba yake alipoiona alikasirika, akasema mvulana hachezi na doli, akamnunulia gari la plastiki na kuitupa ile doli mbali kule chini kwenye majani, bondeni, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka jua liwe kali. Kesho yake nilipofungua mlango niliikuta imelazwa kwenye kizingiti, imelowa umande, na ile leso imefungwa upya vizuri kuliko nilivyoifunga mimi. Nilidhani ni Gichana, lakini alikuwa bado amelala na miguu yake ilikuwa mikavu. Omariba akauliza ni nani ameirudisha, akaitupa tena, ikarudi tena, ikawa hivyo mpaka mama mkwe wangu, Mama Kemuma, akasema tuite mtu wa maombi, na Gichana mwenyewe haogopi hata kidogo, anasema tu, "Mtoto alisikia baridi, akaletwa."

Siku moja niliamka kukamua kukiwa kunaanza kupambazuka, nikaona mtu anapanda kutoka bondeni katikati ya majani, ukungu umemfika kiunoni, anatembea polepole ameinama mbele kama mama aliyebeba mtoto, na anaimba wimbo wa Kikisii wa kubembeleza kwa sauti nyembamba, si sauti ya mtu mzima. Alikuwa mume wangu. Macho yake yalikuwa wazi, nilimwita kwa jina akanipita karibu kabisa bila kujibu, akaitoa doli mgongoni, akailaza kizingitini taratibu, akaingia akalala. Alipoamka na kuiona aliuliza tena ni nani ameirudisha, na mshauri, hakuwa anadanganya.

Nilimweleza Mama Kemuma peke yake. Akaniambia kwamba zamani akichuma majani kwenye estate ya chai alikuwa anamwachia Omariba, akiwa bado mvulana mdogo, dada yake mchanga, Janefer, na Omariba alimbeba mgongoni kutwa nzima kwa furaha, mpaka baba yake alipokuja na wageni wakamcheka, akamchapa, na Janefer akapelekwa kulelewa na msichana wa jirani. "Kila asubuhi tulimkuta amesimama mlangoni kwa yule jirani," aliniambia. "Halafu akaacha. Na hajawahi kulitaja."

Sasa naogopa kulala na naogopa kuamka. Nimwambie mume wangu nilichokiona, au niichome hiyo doli mambo yaishe?

Sellah, Sotik

Sellah,

Usichome kitu.

Pole. Mtu wako akikupita kama hakujui, hata aliye na moyo mgumu angetetemeka. Lakini lazima nikukemee kidogo: mtoto amenyang'anywa doli yake mara nyingi hivyo, wewe umekaa kimya, na unajua hakuna ubaya, umeandika mwenyewe. Ulichunga ng'ombe ukabaki mwanamke. Gichana atabembeleza gunzi na atabaki mwanaume, tena mwanaume anayejua kumshika mtoto. Hilo gari nalo alisukume akipenda.

Mtu wa maombi akija, mpe chai, aombe. Lakini kinachotoka bondeni ni mumeo, anatembea akiwa usingizini. Alinyang'anywa mtoto na bado anamrudisha nyumbani. Mpeleke hospitali mkamweleze daktari yote, kwa sababu kwenye ukungu kama huo mtu anaweza kuanguka mtaroni asijue.

Ndiyo, mwambie. Mwambie mchana, mkiwa wawili shambani, mikono ikichuma, usimkazie macho. Sema ulichokiona, kisha nyamaza. Akikasirika, mwache amalize mstari wake wa chai. Usimwite mwendawazimu wala usimtanie, alishachekwa vya kutosha. Mama Kemuma naye ana kazi yake: amwambie mwanawe kwa mdomo wake kwamba siku ile hakukosa. Na ampigie Janefer simu aje awatembelee, Omariba amwone yule mtoto wa mgongoni mwake amekuwa mtu mzima.

Doli ilale ndani leo, kitandani kwa Gichana, na asiitupe mtu tena. Usitegemee kwamba matembezi yataisha mara moja. Asubuhi nyingine ukimwona anapanda kutoka bondeni ameinama vile vile, hata kama mgongoni hana kitu, usipige kelele. Mshike mkono, mwelekeze kitandani. Na Gichana akiuliza baba alikuwa anafanya nini huko nje, mwambie alikuwa anabembeleza mtoto.

Wilkista